Ngazi Moja Juu ya Zoraida

Eneida Quiala alizaliwa na maringo, akakosa cha kuringia, basi akaringia ngazi. Ngazi yenyewe ilikuwa moja tu, jiwe pana lililolika katikati, mlangoni pa chumba chake. Vyumba vingine vyote vya ua wetu, huku Havana ya zamani nyuma ya bandari, vilikuwa sawa na ardhi, na mvua kubwa ikinyesha maji yalikuwa yakiingia kuwatembelea watu mpaka vitandani. Kwa Eneida hayakuingia hata mara moja. Wenzake wakihangaika na ndoo na mafagio, yeye alisimama juu ya jiwe lake, mikono kiunoni, akawaambia, "Poleni, jamani. Poleni ninyi wa bondeni."

Aliyeambiwa zaidi alikuwa Zoraida, kwa sababu mlango wa Zoraida ulitazamana na wake, na kwa sababu Zoraida ndiye aliyekuwa shoga yake wa damu. Eneida alipiga pasi mashuka ya hospitali mpaka akastaafu, Zoraida alipika shuleni. Mume wa Eneida alihamia Matanzas na mwanamke wa huko, hakuaga hata paka. Mume wa Zoraida, mchukuzi wa bandarini, alikufa. Watoto Eneida hakupata, na binti wa Zoraida aliolewa mbali, Camagüey. Basi wakabaki wao wawili, chanda na pete, ua mmoja katikati yao.

Kila asubuhi Zoraida alichemsha kahawa. Ni ile ya mgao wa serikali, nusu kahawa na nusu njegere za kukaangwa, lakini mkono wa Zoraida ulijaliwa. Mkono wa Eneida uliunguza hata maji. Kwa hiyo waliunganisha migao yao: kopo la kahawa likakaa kwa Zoraida, kopo la sukari likakaa kwa Eneida, na hakuna aliyeweza kunywa bila mwenzake. Kahawa ilipita kwenye chujio la kitambaa lililokwisha kuwa jeusi kama soksi ya fundi makanika. Kikombe cha kwanza, kile kizito kinachotangulia kabla maji hayajazidi, hakikuwa cha mpishi wala cha mgeni. Kilikuwa cha Eneida. Zoraida alivuka nacho ua akiwa na nguo yake ya kulalia, akakiweka juu ya ngazi, cha kwake kikabaki mkononi.

"Wa juu!" alipiga kelele. "Chukua chako kabla hakijapoa!"

Eneida alitoka na kopo lake, akatia sukari kwenye chake, akatia na kwenye cha Zoraida, akanywa amesimama. "Leo umeiunguza," alisema, hata siku ambayo haikuungua. Hakuna aliyemshukuru mwenzake, na siku ilianza.

Shari ililetwa na bomba la maji machafu. Fermín, fundi bomba wetu, mtu wa mdomo mrefu kuliko spana zake, alikuwa anachimba jikoni kwa Zoraida ili abadilishe bomba lililooza. Akakutana na udongo mwekundu uliochomwa, mgumu kama chungu, na ndani yake bonge la shaba lenye kutu ya kijani. Akaenda kusema. Baada ya wiki chache wakaja watu wa mambo ya kale na kamba zao, brashi zao na makarai yao. Aliyewaongoza alikuwa Daktari Arístides, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, mpole kiasi cha kumwomba radhi paka akimpisha njia.

Walifunua sakafu ya jiko lote. Chini yake palikuwa na shimo kubwa la mviringo, limezungushiwa matofali, na ndani yake vipande vya udongo vilivyopinda kama magome. Daktari alitueleza sote, tukiwa tumejipanga mlangoni. Zamani za wafalme wa Uhispania hapa palikuwa na kiwanda cha mizinga ya vita. Shaba ililetwa kwa meli kutoka machimbo ya Santiago, ikachanganywa na bati. Kalibu ya mzinga, yaani umbo la kumiminia shaba, ilifinyangwa kwa udongo uliokandwa na kinyesi cha farasi na manyoya, ikasimamishwa wima ndani ya shimo lile, ikafukiwa mpaka shingoni, ndipo shaba iliyoyeyuka ikafunguliwa ishuke. Vile vipande vilikuwa kalibu yenyewe, iliyovunjwa ili mzinga utoke.

"Kwa hiyo nimekuwa nikikaanga ndizi juu ya mizinga ya mfalme!" alisema Zoraida, na ua mzima ukacheka.

Eneida hakucheka. Alikuwa nyuma kabisa, anachungulia juu ya bega la Fermín. Katika miaka yote ya ua ule, hakuna aliyewahi kujipanga foleni mlangoni kwa Zoraida.

"Shimo," alisema kwa sauti ya kusikika. "Watu wazima wamekuja kushangaa shimo. Mimi nikitamani shimo natoka barabarani tu, yamejaa."

Lakini shimo liliendelea kupendwa. Wanafunzi walikuja. Televisheni ikaja, na Zoraida akavaa gauni lake la manjano, akasimama ukingoni na kueleza habari za kinyesi cha farasi kana kwamba alikikanda yeye. Watu wa mitaa mingine walianza kuuita ua wetu "kwa Zoraida". Hapo ndipo roho ilipomuuma Eneida hasa. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika zamu za kufagia, yeye ndiye aliyewahi kumfukuza mwizi wa nguo kwa pasi ya moto. Leo mtu anauliza njia anaambiwa kwa Zoraida!

Na bado hilo angelimeza. Alichoshindwa kumeza ni kahawa.

Asubuhi moja alingoja kwenye ngazi na kopo lake la sukari, na kikombe hakikuja. Akamwona Zoraida, kwa mlango ulio wazi, anamwinamia Daktari Arístides aliyekaa ukingoni mwa shimo, miguu inaning'inia, na kumkabidhi kikombe kwa mikono miwili. Wakanong'ona kidogo. Ndipo Zoraida akavuka ua.

"Wa juu, chukua chako."

Eneida akaonja. Akakishusha. "Hiki ni cha pili."

"Kahawa ni kahawa, Eneida."

"Hiki ni cha pili, Zoraida. Usinifanye mtoto."

Zoraida akatazama pembeni. "Daktari ni mgeni."

"Mgeni gani huyu amekuja mvua hazijaanza mpaka zimekwisha? Mgeni huyu akizidi atakuwa mume."

"Una akili kweli wewe?"

"Ninayo. Na sukari ninayo vilevile."

Akaimwaga kahawa ile kwenye kopo la maua, akaingia ndani na kufunga mlango. Tangu siku hiyo sukari haikuvuka ua. Zoraida alikunywa chungu, na daktari alikunywa chungu, ila alikunja uso kila mara kwa adabu. Eneida alichungulia dirishani akaona anavyokunja uso, na hiyo ndiyo ilikuwa staftahi yake.

Kwenye foleni ya mkate hakubakiza kitu. Alisema Zoraida siku hizi anachana nywele kabla ya saa moja. Alisema mjane amepata shimo na mwenye shimo.

"Niambie kweli, Eneida," Fermín alimchokoza mbele ya watu. "Wivu wako ni wa nani, wa Zoraida au wa daktari?"

"Wivu? Mimi? Namwonea huruma tu, maskini, kwa umri wake."

"Huruma yako ina meno, mama."

Foleni ikacheka. Eneida akafyonya, lakini swali lile lilimfuata mpaka nyumbani. Eneida hakumtaka daktari hata kwa bure. Alichotaka ni kwamba asubuhi itakapofika, yule mwanamke avuke ua aje kwake kwanza. Hilo hakuweza kulisema kwenye foleni, wala kulisema peke yake, basi akaligeuza kuwa jambo lingine: kama Zoraida ana shimo, yeye naye apate cha kwake, kikubwa zaidi, tuone nani atavuka ua kumfuata nani.

Siku moja wanafunzi walikuwa wamezunguka shimo, na Eneida anaanika nguo ambazo zilikwisha kauka. Akamsikia daktari akisema, "Shaba ikiyeyuka hushuka kama maji. Kwa hiyo tanuri la kuyeyushia lilikuwa juu kuliko shimo, na lilikuwa karibu."

"Liko wapi basi?" aliuliza mwanafunzi mmoja.

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mwaka huu tunamalizia shimo," alisema. Lakini kabla ya kusema hivyo macho yake yalikwenda upande wa pili wa ua, kwenye jiwe lililolika katikati, yakarudi haraka.

Eneida nguo zilimdondoka mkononi. Juu, na karibu! Kumbe ndiyo maana maji hayamfikii. Kumbe miaka yote alikuwa amelala juu ya tanuri la mfalme, na wa bondeni wana shimo tu la kupokelea kilichotoka kwake. Alitamani kucheka. Akaoga, akajipaka poda, akakaa kwenye ngazi kungoja daktari aje kumwomba ruhusa.

Daktari hakuja. Akangoja tena kesho yake na keshokutwa. Mwishowe akamzuia kwenye bomba la maji.

"Daktari, sakafu yangu ina joto la ajabu."

"Havana yote ina joto, bibi."

"Na chini ya kitanda ukigonga panalia kama ngoma."

Daktari alisimama ghafla. "Usigonge, bibi Eneida. Nakuomba sana. Usiguse sakafu ile."

"Kwa nini? Ya Zoraida inaguswa!"

Daktari akageuka, akaenda zake. Jioni hiyohiyo Zoraida mwenyewe alivuka ua, mara ya kwanza tangu ugomvi wa kikombe, na mikononi hakuwa na kitu.

"Eneida, sakafu yako iache."

"Aha! Umetumwa?"

"Sijatumwa. Kaa kwenye chumba chako ulivyokaa siku zote. Hilo tu."

"Ili ubaki wewe peke yako kwenye televisheni na gauni lako la manjano! Nenda, Zoraida. Nenda kampashie kahawa mgeni wako."

Zoraida akageuka, akarudi kwake. Na Eneida, ambaye alikuwa bado anasitasita, hakusitasita tena.

Alingoja Jumamosi, watu wa mambo ya kale wakiwa hawapo. Akaazima mtaimbo kwa Fermín, akamdanganya kwamba ni wa kuzibulia bomba la maji machafu. Mchana kweupe akasogeza kitanda, akang'oa vigae, akakuta chokaa. Chini ya chokaa palikuwa na matofali yaliyopangwa kwa ubavu, yamebanana kama meno. Alipiga mara ya kwanza, mkono ukafa ganzi. Kisha moyoni akampiga Zoraida, akampiga daktari, akapiga televisheni, na mtaimbo ukazama wote. Matofali yaliporomoka ndani, baadaye kidogo yakasikika yakitua mbali chini. Hewa baridi yenye harufu ya jivu kuukuu ikampanda usoni. Ukuta wa nyuma ukaguna, na ufa ukapanda taratibu kutoka sakafuni mpaka juu ya picha ya Bikira Maria wa Caridad.

Mtu mwingine angekimbia. Eneida alitoka akasimama kwenye ngazi, jivu mpaka kwenye kope, na kupiga kelele: "Tanuri! Nina tanuri! Njooni mwone tanuri!"

Tulitoka sote. Watu walipanda ngazi ile mmoja mmoja, wakachungulia, wakatoka wakisema lahaula za kwao. Zoraida alikuja wa mwisho, mikono ina povu la sabuni. Hakuchungulia chini. Alitazama ufa ulivyopanda, akakaa kwenye ngazi, akaanza kulia.

"Ewe mjinga," alisema. "Ewe mjinga wangu."

Eneida alimwona analia, akafurahi. Ilikuwa furaha tamu, ya kunywa polepole, na alisimama juu yake akiinywa. Alidhani analilia shimo lake lililopitwa.

Jumatatu daktari aliingia na tochi, akakaa huko muda, akatoka. Lilikuwa tanuri kamili, alisema, na kuba lake limesimama, hajawahi kuona kama hilo. Alisema hayo kama mtu anayetoa habari ya msiba. Nyuma yake walikuja watu wa idara ya nyumba ya serikali, wakapima ufa, wakaegemeza ukuta kwa magogo. Kuba lile ndilo lililokuwa limebeba chumba, na Eneida alikuwa amelivunja utosini. Shimo la Zoraida lingejazwa mchanga na kuwekewa vigae upya, akaange ndizi zake. Lakini tanuri lililosimama halifukiwi, na juu yake hawezi kulala mtu. Eneida angepewa nyumba ng'ambo ya ghuba, kwenye maghorofa mapya.

"Mimi?" alisema Eneida. "Nihame mimi? Wa shimo abaki?"

"Ndiyo maana sikugusa, bibi," alisema daktari kwa sauti ndogo. "Nilijua lipo tangu mwanzo. Ningelifungua mapema, kusema kweli, ni kazi yangu. Lakini Zoraida alinisihi. Alisema nichimbe kwake nipendavyo, mpaka chini ya kitanda, ila pale juu nisiguse. Alisema, yule akiondoka mimi nabaki na nani? Na kila asubuhi alinikumbusha, kwa kikombe."

Eneida alivuka ua. Sijui kama aliwahi kuuvuka kwa kahawa hata siku moja, maana siku zote yeye ndiye aliyevukiwa. Zoraida alikuwa anaosha chujio.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia una tanuri la mfalme chini ya kitanda, ungenyamaza wewe?"

Eneida akafikiri. "Hapana."

"Ungeita televisheni."

"Ningeita."

"Basi." Zoraida alikamua chujio, akalitundika. "Nilimhonga mtu kwa kikombe chako, Eneida. Sikuwa na kingine cha thamani humu ndani."

Eneida alirudi chumbani, akapita kando ya magogo, akalichukua kopo la sukari alipeleke kwa Zoraida, akalikumbatia kifuani kama mtoto. Lakini serikali haikungoja, kwa kuwa ukuta ungeweza kuanguka: lori la kuhamisha lilikwisha fika, na katika purukushani za kitanda na kabati, kopo likaondoka naye.

Nyumba ya ghorofa ya nne ilikuwa nzuri, tusiseme uongo. Ilikuwa na bafu la peke yake, maji ya bomba ndani, na kibaraza kinachoona bahari. Sote tulimwambia ana bahati. Maji ya mvua yalipita chini kabisa, kwenye miguu ya watu asiowajua, na hakukuwa na hata mmoja wa kumwambia pole. Asubuhi alichemsha kahawa yake mwenyewe na kuiunguza. Jirani wa kushoto alimwita "compañera", yaani ndugu, na kufunga mlango.

Alivumilia alivyoweza, kisha Jumapili moja akapanda basi. Alifika jua limeshapanda. Chumba chake hakikuwa na mlango tena. Kulikuwa na kamba, na nyuma ya kamba watalii wakipiga picha tanuri lake. Jiwe la ngazi lilikuwa palepale. Kando yake, kwenye kiti, alikaa mlinzi, kijana mnene mwenye kofia, kikombe kitupu mkononi.

Wivu ulimshika palepale, kabla hata hajasalimia. Zoraida alitoka jikoni anafuta mikono.

"Nani huyu?" aliuliza Eneida.

"Mlinzi."

"Unampa kahawa?"

"Nampa."

"Cha ngapi?"

"Cha pili," alisema Zoraida, akamwonyesha ngazi kwa kidevu.

Kikombe kilikuwa pale, pembeni, mahali jiwe lilipolika, kimefunikwa kisahani ili nzi wasiingie. Eneida aliinama akakiokota. Akaonja.

"Imepoa."

"Nimeiweka alfajiri, kama kila siku. Unakaa mbali siku hizi."

Akaonja tena. "Na haina sukari."

"Sukari ulikuwa ukileta wewe," alisema Zoraida.

Eneida aliinywa yote, amesimama, mpaka mashapo.